Baada ya Vitabu Teule: Nini Kisomwe Kuhusu Pwani ya Malindi na Kilifi?

Mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia chuo kikuu, aghalabu huwa amesoma riwaya moja, tamthilia moja na mkusanyiko mmoja wa hadithi fupi. Vitabu hivyo amevirudia mara nne au tano, ameviundia maswali na majibu, na mtihani ulipokwisha akavifunga. Afikapo mwaka wa pili huanza kutuuliza swali ambalo hata walimu wa shule za upili wa Kilifi na Malindi hutuuliza tukutanapo nao: sasa nisome nini?

Madhumuni ya makala haya ni kulijibu swali hilo kwa kuliwekea mipaka. Hatutaorodhesha vitabu mashuhuri vya dunia. Tutashughulikia ukanda wa pwani unaoanzia Rabai na Kaloleni, ukapitia Takaungu, Kilifi na Gede, ukaishia Malindi na mlango wa mto Sabaki. Ukanda huu umeandikiwa historia, anthropolojia, isimu, akiolojia, riwaya, ushairi na hata kitabu cha ndege. Msomaji anayelengwa si mtaalamu. Ni mtu yeyote mwenye hamu ya kujua. Rai yetu ni moja: vitabu hivi visisomwe kimojakimoja kana kwamba kila kimoja kimemaliza maneno. Visomwe viwiliviwili, kila kimoja kikabiliane na hasimu wake, kwani ladha yake imo katika ubishi.

Tuanze na kitabu kidogo ambacho wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajapata kukisikia. Mnamo mwaka wa 1949, shirika la Eagle Press la Nairobi lilichapisha *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Mwandishi wake alikuwa mwalimu kijana aliyezaliwa mwaka wa 1923 katika eneo la Kilifi, kwa jina Ronald Ngala. Wengi wanamjua Ngala wa siasa: kiongozi wa chama cha KADU, mtetezi wa serikali za majimbo, ambaye barabara na shule zimepewa jina lake. Ngala mwandishi wamemsahau. Ilhali ni yeye aliyediriki, miaka kumi na minne kabla ya uhuru, kueleza nchi na mila za watu wake kwa Kiswahili, akiwahutubia wasomaji wa Afrika Mashariki na si wakubwa wa serikali.

Hasimu wa kitabu hicho ni *The Agiryama of Kenya* cha Arthur Champion. Champion alikuwa mtawala msaidizi wa Kiingereza miongoni mwa Wagiriama katika miaka iliyotangulia vita vya 1914, na maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1967 na taasisi ya kifalme ya anthropolojia ya Uingereza. Huyu ndiye mtu aliyetumwa kuwatoza Wagiriama kodi na kuwatafuta vijana wa kwenda kufanya kazi za kuajiriwa. Usiku akirejea hemani aliandika desturi za watu walewale. Msomaji akivishika vitabu hivi viwili kwa pamoja, ataona jinsi mila inavyobadilika sura kwa kutegemea anayeisimulia. Mmoja anaeleza ili watu wasimamiwe, mwingine anaeleza ili waheshimiwe. Hatusemi kwamba cha Champion hakifai, la hasha. Mtu anayetaka kukutawala hukuchunguza kwa makini sana, na baadhi ya aliyoyaona yasingehifadhiwa kwingineko.

Hapo ndipo inapobidi kumsoma Cynthia Brantley. Kitabu chake, *The Giriama and Colonial Resistance in Kenya, 1800–1920*, kilitolewa mwaka wa 1981 na bado ndicho kitabu kikuu kuhusu upinzani wa Wagiriama. Humo Mekatilili wa Menza si picha ya ukutani. Tunamwona mwanamke mjane akiwakusanya watu katika Kaya Fungo mwaka wa 1913, viapo vikila, cha wanawake na cha wanaume, na serikali ikijikuta haipati mtu hata mmoja wa kubeba mzigo. Tunaona akikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni magharibi ya Kenya, nao wakatoroka na kurejea kwao. Tunaona kaya ikilipuliwa kwa baruti mwezi wa Agosti 1914, vita vikizuka, kisha faini ikitozwa kwa jamii nzima. Brantley hafanyi haya yawe hadithi ya shujaa peke yake. Anarudi nyuma karne nzima na kuonyesha kwamba Wagiriama walikuwa na biashara yao ya nafaka na pembe za ndovu, hivyo hawakuwa na haja ya mshahara wa mzungu. Walipigana kwa sababu walikuwa wanajitosheleza. Hoja hiyo, kwa maoni yetu, ndiyo inayokifanya kitabu kistahili kusomwa hadi leo.

Hapa pana tatizo ambalo hatuwezi kulipitia kimyakimya. Kitabu cha Brantley ni cha Kiingereza, na kadhalika cha Champion. Mwanafunzi wetu atakisoma maktabani, lakini akirudi Ganze au Marafa wakati wa likizo hawezi kumsomea nyanyake. Nyanya naye ana masimulizi yake ya Mekatilili, kikiwemo kisa cha kuku na vifaranga vyake ambacho watoto wengi wa huko wamekisikia jikoni kabla ya kwenda shule. Maarifa yanayomhusu yamekaa katika lugha asiyoisoma, na masimulizi aliyo nayo hayajaandikwa katika lugha anayoisema. Kitabu kimoja cha Kiswahili kilichojaribu kuziba pengo kama hilo, yaani cha Ngala, nacho ni adimu kuonekana. Wanachama wa vyama vyetu vya Kiswahili hutafuta mada za tasnifu kila mwaka. Sioni kwa nini tafsiri ya sura mbili tatu za Brantley, ikiwa na maelezo, isiwe mojawapo.

Turudi kwenye ubishi. Kila mtu wa pwani amesikia kwamba Wamijikenda walitoka Singwaya, kaskazini, wakaja kujenga kaya zao juu ya vilima. Thomas Spear, katika *The Kaya Complex* (1978), anayachukua masimulizi hayo kwa uzito na kuyajengea historia. Justin Willis, katika *Mombasa, the Swahili, and the Making of the Mijikenda* (1993), anapinga kwamba kulikuwa na watu waliojiita Wamijikenda tangu zama hizo. Kwake jina hilo na umoja huo ni zao la karne ya ishirini, na mpaka baina ya Mswahili na Mmijikenda ulikuwa mwepesi kuvukwa. Msomaji asiharakishe kuamua nani mshindi. Baadhi ya kaya zenyewe ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2008, na mtu anaweza kusoma vitabu vyote viwili kisha akaenda Rabai kuwasikiliza wazee.

Mwanaisimu ataona swali hilohilo likiulizwa kwa njia nyingine. Wataalamu huviita Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo, Kielwana na Kikomoro lugha za Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini kaskazini ya Malindi. Kitabu kikubwa cha Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, *Swahili and Sabaki* (1993), ni kizito kama jiwe la kusagia, nasi hatumshauri anayeanza akibebe. Aanze na *The Swahili* cha Nurse na Spear (1985), chembamba na chepesi kufuatwa. Akishamaliza, asimame sokoni Kilifi asikilize: Mgiriama asema *madzi* ambapo sisi twasema maji, na *mudzi* ambapo twasema mji. Mfano mdogo kama huo, ukiusikia mwenyewe, hukufunza undugu wa lugha kuliko jedwali la sauti. Kwa mpenzi wa mambo ya kale, W. E. Taylor, mmishenari aliyesaidia kuzihifadhi tungo za Muyaka, alitoa mwaka wa 1891 vitabu viwili: kimoja cha msamiati wa Kigiriama na kingine cha methali za Kiswahili.

Malindi ina habari chungu ambayo watalii hawaelezwi. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa mji huo ulifufuliwa kuwa eneo la mashamba makubwa ya nafaka, na waliolima walikuwa watumwa. Frederick Cooper ameyachambua haya katika *Plantation Slavery on the East Coast of Africa* (1977), kitabu kinachoziweka Malindi na Mombasa kando ya Unguja na Pemba. Mwenzake wa kusomwa naye ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichochapishwa mwaka wa 1934. Ni Kiswahili cha nathari kilicho sahili, cha mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, akisimulia mambo ya wazazi wake hadi kufika Freretown, Mombasa. Mbotela anawasifu mno Waingereza, na wahakiki wamemlaumu kwa hilo, si bila sababu. Hata hivyo, Cooper ana hesabu na nyaraka, na Mbotela ana sauti ya baba yake. Hakuna aliye na vyote viwili.

Kuhusu Malindi ya kale zaidi tutasema machache. Vasco da Gama alifika mwezi wa Aprili 1498, na mwaka wa 1572 mshairi wa Kireno Luís de Camões akatunga *Os Lusíadas*, utenzi mrefu ambamo nahodha huyo anamsimulia mfalme wa Malindi historia yote ya Ureno. Zinapita sehemu tatu nzima mfalme wetu akisikiliza tu! Ajabu yenyewe inatosha kumfanya mtu aisome tafsiri yake. Kuhusu Gede, *The Arab City of Gedi* cha James Kirkman (1954) kinafaa kwa maelezo ya kuta na visima. Kichwa chake kimepitwa na wakati, kwani wanaakiolojia wa baadaye wameonyesha kwamba mji huo ulikuwa wa Waswahili. Kisomwe pamoja na *The Rise and Fall of Swahili States* (1999) cha Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya.

Sasa fasihi, ambayo kwa wengi wetu ndiyo ada. Mwandishi wa riwaya tunayempendekeza kuliko wote ni Katama Mkangi, mzawa wa Kilifi, mwanasosholojia aliyefundisha vyuo vikuu, aliyewekwa kizuizini katika miaka ya 1980, akagombea urais mwaka wa 1997, na akafariki katika ajali ya barabarani mwaka wa 2004. Aliacha riwaya tatu: *Ukiwa* (1975), *Mafuta* (1984) na *Walenisi* (1995). Asomaye moja tu, na asome *Walenisi*. Mhusika mkuu, Dzombo, amehukumiwa kufa, akatupwa angani ndani ya chombo. Badala ya kuangamia anafika katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Jina la nchi likikatwakatwa ni sentensi: wale ni sisi. Kuna wanaosema kwamba riwaya hii inahubiri, na kwamba wahusika wake huzungumza kama vitabu vya siasa. Kweli, zipo kurasa ambazo mwanasosholojia anamnyang'anya mtunzi kalamu. Lakini tangu tuianze hatukuweza kuiweka chini, na msomaji aliyekwisha kusoma habari za 1914 ataielewa hasira iliyomo bila kufunzwa. Azingatie pia jina la shujaa. Sauti *dz* haimo katika Kiswahili sanifu. Mkangi ameileta Kimijikenda hadi angani, bila kutafsiri na bila kuomba radhi.

Katika ushairi, Ahmed Sheikh Nabhany (1927–2017) ni mtu wa Lamu, hivyo tunavuka mpaka tuliojiwekea. Sababu ni mnazi. *Umbuji wa Mnazi* (1985) ni shairi linalosifu mti huo na kutaja matumizi yake, na ni hazina ya istilahi: kwa mwanafunzi wa mjini litakuwa zoezi la msamiati, na kwa mtoto wa mgema litakuwa habari za nyumbani. Lisomwe pamoja na *Palms, Wine and Witnesses* (1972) cha David Parkin, anthropolojia ya Wagiriama wenye minazi. Parkin anaonyesha kwamba anayenunua minazi au ardhi huhitaji wazee wa kumshuhudia siku mgogoro utakapozuka, na wazee hukirimiwa kwa tembo. Ndiyo maana tajiri kijana hawezi kuzipuuza matanga hata akitaka. Baadhi yao walipagawa na pepo wa Kiislamu, wakakatazwa ulevi, wakapata udhuru wa kutoshiriki. Nabhany anauimba mti, Parkin anauliza mti ni wa nani.

Kitabu cha mwisho hakina hasimu. Ni mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki wa Terry Stevenson na John Fanshawe (2002). Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, pamoja na mapori ya Dakatcha nyuma ya Malindi, ndiyo makao ya pekee duniani ya ndege mmoja wa jamii ya mnana. Viota vyake havikujulikana na wanasayansi hadi mwaka wa 2013, vilipoonekana Dakatcha, kwa hiyo toleo la kwanza la mwongozo huo halina habari zake. Mwenye kukisoma akisomee nje, alfajiri, akiwa na mwenyeji anayejua majina ya Kigiriama ya ndege hao, na penseli ya kuyaandika pambizoni.