Nani Aseme Kwamba Hospitali Inahitajika?

Marekani ni nchi ijulikanayo kwa kuwaachia wenye mali wajenge wapendapo na kuuza wapendavyo. Kwa hiyo huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba katika majimbo mengi ya nchi hiyo mtu mwenye fedha, kiwanja, ramani na madaktari tayari bado hawezi kujenga hospitali, wala kuongeza vitanda katika hospitali aliyo nayo, mpaka aithibitishie Serikali ya jimbo kwamba wananchi wanaihitaji. Akishindwa kuthibitisha hapewi kibali, hata kama hakuomba senti moja ya Serikali. Kibali chenyewe huitwa Cheti cha Hitaji. Majimbo yapatayo 35, pamoja na mji mkuu wa Washington, yangali na sheria ya namna hiyo, ingawa upana wake hutofautiana: jimbo moja hupima karibu kila jengo na kila mashine, na jingine hupima mambo machache tu, kama vile nyumba za kuwatunzia wazee.

Katika makala haya hatukusudii kupitia vifungu vyote vya sheria hizo. Twataka kulitazama neno moja, nalo ni hitaji. Hitaji la hospitali hupimwaje? Je, laweza kupimwa kama tupimavyo joto la maji au uzito wa mzigo?

Chanzo chake

Baada ya Vita Kuu ya Pili tatizo la Marekani lilikuwa upungufu wa hospitali, hasa mashambani. Mwaka 1946 Bunge lilipitisha sheria iliyojulikana kwa majina ya wabunge wawili walioileta, Hill na Burton, ya kutoa fedha za kujengea. Kipimo kilichowekwa kilikuwa vitanda 4.5 kwa kila watu 1,000. Hospitali zikajengwa kwa wingi, na haukupita muda mrefu malalamiko yakageuka: sasa gharama zilikuwa zinapanda, na vitanda vilionekana kuzidi katika baadhi ya miji.

Hapo ndipo lilipotokea jina la Milton Roemer, daktari na mtaalamu wa afya ya jamii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na wenzake walichunguza takwimu za hospitali za jimbo la New York wakaona jambo la ajabu. Mahali palipokuwa na vitanda vingi, watu wengi zaidi walilazwa, na walikaa wodini siku nyingi zaidi. Hospitali moja ya wilaya iliongezewa vitanda, na baada ya muda mfupi vitanda vipya navyo vilikuwa na wagonjwa karibu kwa uwiano uleule wa zamani, ingawa hakuna maradhi mapya yaliyoingia wilayani humo. Jambo hilo likaja kuitwa sheria ya Roemer: kitanda kikishajengwa, na bima ipo ya kukilipia, hakikosi mtu wa kukilalia.

Hilo si kwa sababu madaktari ni wadanganyifu. Mgonjwa aliye katikati, ambaye angeweza kutibiwa nyumbani au kulazwa, hulazwa kitanda kikiwapo na hurudishwa nyumbani kisipokuwapo. Nao wagonjwa wa namna hiyo ni wengi kuliko tunavyodhani.

New York ndilo lililokuwa jimbo la kwanza, mwaka 1964, kutunga sheria ya kupima hitaji kabla ya ujenzi. Mwaka uliofuata Serikali Kuu ilianzisha bima mbili kubwa, Medicare kwa wazee na Medicaid kwa maskini, nazo zikawa zinailipa kila hospitali kwa kadiri ya gharama ilizotumia, uchakavu wa majengo ukiwa ndani yake. Kwa mpango huo, aliyejenga zaidi alilipwa zaidi. Serikali ikaona hatari hiyo, na kwa sheria ya mwaka 1974, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini mwanzoni mwa 1975, majimbo yote yalitakiwa kuwa na utaratibu wa Cheti cha Hitaji. Yaliundwa mabaraza ya mipango ya afya yapatayo 200 nchini kote, na sheria ikataka zaidi ya nusu ya wajumbe wawe watumiaji wa huduma, wala si waganga au wenye hospitali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni Louisiana peke yake iliyokuwa haijafuata.

Hesabu yenyewe

Hesabu ya vitanda ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Tuseme wilaya ina watu 50,000, na katika miaka iliyopita watu 120 kati ya kila 1,000 wamekuwa wakilazwa kila mwaka, kila mmoja kwa wastani wa siku 6. Waliolazwa ni 6,000, na siku walizolala ni 36,000. Gawanya kwa 365: kila usiku hospitali ina wagonjwa 99 hivi. Lakini hospitali haiwezi kuendeshwa ikiwa imejaa daima, kwa hiyo wapangaji husema vitanda vijae kwa asilimia 80. Gawanya 98.6 kwa 0.8 upate 123.3, yaani vitanda 124. Ikiwa wilaya inavyo 130, mwombaji huambiwa hakuna hitaji. Ikiwa inavyo 90, mlango uko wazi.

Sasa itazame tena hesabu hiyo. Tarakimu ile ya 120 imetoka wapi? Imetoka katika madaftari ya hospitali, yaani katika idadi ya watu waliolazwa zamani. Lakini Roemer ametuonyesha kwamba idadi ya wanaolazwa hufuata idadi ya vitanda vilivyopo. Basi sheria iliyotungwa kwa sababu matumizi hayalingani na hitaji, yenyewe hulipima hitaji kwa matumizi! Wilaya yenye vitanda vya ziada itaonekana kuvihitaji vyote. Na wilaya isiyo na hospitali, ambayo wagonjwa wake hufia nyumbani au husafiri mbali, itaandikwa kwamba watu wake hulazwa kwa nadra, na kwa hiyo hawana haja.

Tena daftari haliandiki jina la aliyekataliwa mlangoni. Sheria ile ya Hill na Burton iliruhusu hospitali zilizopewa fedha za umma kuwatenga watu weusi, mradi huduma ziwepo kwao mahali pengine. Mjini Greensboro, North Carolina, daktari wa meno George Simkins na wenzake walizishtaki hospitali mbili zilizopokea fedha hizo, na mwaka 1963 Mahakama ya Rufani ilikata shauri kwamba ubaguzi huo ulikuwa kinyume cha Katiba. Kabla ya hukumu hiyo, mtu aliyegawa idadi ya vitanda vya mji kwa idadi ya wakazi wake angepata jibu sahihi kihesabu, lakini jibu hilo lisingemweleza mgonjwa mweusi kama atapata mahali pa kulala.

Wodi ndogo na kipeuo cha pili

Sehemu nyingine ya hesabu inayostahili kutazamwa ni ile asilimia 80. Wagonjwa hawaji kwa zamu. Siku moja huja wengi, siku nyingine wachache, na kila mmoja huja bila kumwuliza mwenzake. Katika hali kama hiyo idadi hupanda na kushuka kuzunguka wastani kwa kiasi kinachokaribia kipeuo cha pili cha wastani huo. Wastani ukiwa wagonjwa 100, kiasi hicho ni 10. Ukiwa 9, ni 3.

Ukitaka wodi ishindwe kupokea wagonjwa kwa siku tatu au nne tu katika mwaka, itakubidi uongeze juu ya wastani karibu mara mbili na theluthi moja ya kiasi hicho. Hospitali ya wagonjwa 100 itahitaji vitanda 123, nayo itajaa kwa asilimia 81. Wodi ya wagonjwa 9 itahitaji vitanda 16, nayo itajaa kwa asilimia 56 tu. Wodi hiyo ndogo haina uzembe wala anasa. Huo ndio udogo wenyewe.

Wapangaji wa Washington walijifunza jambo hilo kwa njia ngumu. Mwaka 1977 walitoa rasimu ya vipimo vya taifa: vitanda visizidi 4 kwa watu 1,000, vijae kwa asilimia 80, na wodi ya uzazi isiyofikisha idadi fulani ya watoto kwa mwaka isihesabiwe kuwa inafaa. Watu wa mashambani waliona kwamba wodi zao za uzazi zingefungwa, na mama mwenye uchungu angelazimika kusafiri masafa marefu, wakati wa baridi kupitia theluji. Barua za kupinga zilimiminika kwa makumi ya maelfu. Vipimo vilipotolewa rasmi mwaka 1978 vilikuwa vimelegezwa kwa ajili ya mashamba, na kile cha uzazi kiliwekwa kwa hospitali zinazopokea uzazi wenye matatizo tu. Kwa maoni yetu barua hizo zilikuwa na hisabati bora kuliko rasimu.

Mashine na moyo

Lakini si haki kusema kwamba vipimo vyote vilikuwa vya kubuni. Chukua upasuaji wa moyo. Mwaka 1979 Harold Luft na wenzake walichapisha uchunguzi wa operesheni za aina 12 katika hospitali 1,498. Kwa upasuaji wa moyo na mingine michache, hospitali zilizofanya operesheni 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 25 hadi 41 kuliko zilizofanya chache. Mkono uliozoea hukosea kidogo, na wauguzi waliozoea huona hatari mapema. Hapa kukataa kibali cha hospitali ya tano mjini kwaweza kuwa kuokoa maisha, kwa kuwa wagonjwa haohao wangegawanywa mahali pengi na pasiwe na hata mahali pamoja penye mazoezi ya kutosha. Vipimo vya 1978 vilitaka operesheni za moyo zisizopungua 200 kwa mwaka.

Mashine ndizo zilizoleta ubishi mkubwa zaidi. Katika miaka ya 1970 ilitokea mashine ya eksirei ipigayo picha za vipande vya mwili kwa msaada wa kompyuta, kazi iliyowapa Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Iliuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na kila hospitali iliitaka. Wachunguzi Salkever na Bice walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1976, kwamba majimbo yenye Cheti cha Hitaji yalipunguza ongezeko la vitanda, lakini jumla ya fedha zilizotumika haikupungua: zilihamia katika vifaa na huduma nyingine. Ndivyo ilivyo ukibonyeza mpira upande mmoja.

Lango na wenye ufunguo

Kuna kasoro nyingine isiyokuwa ya hisabati. Mwombaji anapowasilisha maombi, hospitali zilizopo huruhusiwa kupinga, na kwa kawaida hupinga. Kesi zaweza kuendelea kwa miaka. Lango lililowekwa kwa ajili ya umma hugeuka kuwa ukuta wa kuwalinda waliotangulia. Na penye lango pana bawabu: huko Illinois mjumbe wa bodi ya kupitisha miradi ya hospitali, Stuart Levine, alikiri mahakamani mwaka 2006 kwamba alikuwa ameutumia ujumbe wake kujitafutia fedha.

Mwaka 1983 Medicare iliacha kulipa kwa gharama ikaanza kulipa kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa, na hivyo sababu kuu ya sheria ikadhoofika. Mwaka 1986 Bunge likaifuta sheria ya taifa, na kila jimbo likaachiwa liamue. Texas na California ziliacha katika miaka hiyohiyo, Pennsylvania mwaka 1996. Wachumi Conover na Sloan, mwaka 1998, hawakuona gharama zikiruka katika majimbo yaliyoacha. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa mwaka 2002 juu ya wazee zaidi ya 900,000 waliopasuliwa mishipa ya moyo ulionyesha kwamba katika majimbo yasiyo na sheria hiyo hatari ya kufa ilizidi kwa takriban moja ya tano. Lakini waliochunguza baadaye kwa takwimu nyingine hawakuiona tofauti hiyo. Majimbo hutofautiana kwa mengi, si kwa sheria moja tu, na mwanafunzi wa sayansi ajue jinsi ilivyo vigumu kutenga sababu moja mahali ambapo huwezi kufanya jaribio.

Ugonjwa wa KOVIDI-19 ulipoingia mwaka 2020, majimbo zaidi ya 20 yalisimamisha au kulegeza sheria hizo kwa haraka ili hospitali ziongeze vitanda. Vile vitanda vilivyoitwa vya ziada vikawa vinatafutwa. Mwaka 2023 South Carolina ilipitisha sheria ya kuufuta utaratibu huo, ila kwa hospitali ufutaji ukawekwa uanze mwaka 2027.

Kipimo kingine

Tanzania ilipoandaa Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 hadi 2017, haikuanzia katika madaftari ya waliolazwa. Kipimo kilikuwa zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Kipimo hicho nacho kina kasoro yake: vijiji havilingani kwa idadi ya watu, na jengo laweza kusimama bila mganga wala dawa. Lakini hakimwadhibu mtu kwa sababu hakuwahi kufika hospitali.

Mwalimu wa hisabati au jiografia aweza kulifanyia zoezi jambo hili bila gharama. Darasa na lichore ramani ya kata, kila kijiji kiwekwe mahali pake pamoja na idadi ya watu na masafa yake hadi zahanati iliyo karibu. Kisha, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, na bila kuchukua jina la mgonjwa yeyote, wanafunzi wahesabu ni wangapi walikuja kutoka kila kijiji katika mwezi mmoja, wagawe kwa idadi ya watu wa kijiji hicho, na wachore grafu ya mahudhurio dhidi ya kilomita. Mstari ukishuka kadiri masafa yanavyoongezeka, darasa lijadiliane kama watu wa vijiji vya mbali huugua mara chache zaidi.