Rigresheni na Mizani ya Majani Chai

Rigresheni hupima jinsi kiasi kimoja kinavyobadilika kingine kinapobadilika. Huko Kericho na Bomet, Kenya, data za kujifunzia ziko tele: mkulima mdogo ana risiti za kilo za majani mabichi alizopimiwa kituoni, anajua mifuko ya mbolea aliyochukua, ukubwa wa shamba na umri wa michai. Kilo ndizo kigeu tegemezi. Vilivyobaki ni vigeu huru. Kompyuta hutafuta mstari unaozikaribia nukta zote kwa kufuata kanuni aliyoichapisha Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805: jumla ya miraba ya mabaki iwe ndogo iwezekanavyo. Mabaki ni tofauti kati ya kilo zilizopimwa na zile ambazo mstari ulikisia.

Kwa anayeanza, programu ya gretl inatosha. Ni ya bure, husoma faili za Excel, na amri yake ni fupi: ols kilo const mbolea. Stata hulipiwa. R pia ni ya bure, ila huhitaji mazoezi zaidi ya kuandika amri. Kabla ya amri yoyote, nukta zichorwe kwenye grafu. Hapo ndipo huonekana shamba lililopogolewa mwaka huo, lililopigwa na mvua ya mawe, au sifuri iliyoongezwa kimakosa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kizidishi cha mbolea ni 180 na kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi kizidishi hicho kinavyoweza kuyumba, ni 40. Maana yake, mashamba yaliyopata mfuko mmoja zaidi yalitoa wastani wa kilo 180 zaidi kwa mwaka. Kwa kuwa 180 ni mara 4.5 ya 40, ni vigumu kusema tofauti hiyo imetokea kwa bahati tu. R mraba ikiwa 0.35, mstari umeeleza asilimia 35 ya tofauti za kilo. Wanafunzi wengi huikimbilia namba hii ya mwisho, ilhali kizidishi ndicho kinachojibu swali la mkulima.

Je, ni mbolea kweli iliyoleta kilo hizo 180? Mwenye uwezo wa kununua mifuko mingi mara nyingi ndiye pia anayepalilia kwa wakati na kulipa wachumaji wasipitishe mzunguko wa kuchuma. Mizunguko isipoingizwa kwenye hesabu, mbolea hubeba sifa isiyo yake. Ikiingizwa, 180 inaweza kushuka hadi 110. Hakuna programu inayoweza kugundua kigeu ambacho haikupewa. Ndiyo sababu watafiti wa kilimo, wakiwemo wa taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho, hutegemea majaribio ya shambani: viwango vya mbolea vikigawiwa vipande vya shamba kwa kura, bidii ya mkulima haichanganyiki na mbolea.

Data za kila mwezi zina tatizo jingine. Ukame wa Januari hadi Machi hushusha mavuno kwa miezi inayofuatana, na mvua ya leo huonekana kwenye kikapu baada ya wiki kadhaa. Mvua ya mwezi uliotangulia basi iingizwe kama kigeu, na kipimo cha Durbin-Watson, kinachoonyesha kama mabaki ya mwezi mmoja yanahusiana na ya mwezi uliotangulia na ambacho gretl hukichapisha chini ya jedwali, kisomwe: kikiwa mbali sana na 2, makosa sanifu hayaaminiki.

Ripoti inayotaja kizidishi bila kosa sanifu, idadi ya mashamba na vigeu vyote vilivyoingizwa haifai kumshauri mkulima anunue mifuko mingapi.