Nyumba Nyingi, Maji Machache

Magharibi ya Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, upo mji wa Buckeye. Kwa miaka mingi ulijulikana kwa mashamba ya pamba na majani ya mifugo, yaliyonyweshwa kwa mifereji itokayo mto Gila. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 iliwakuta wakazi 6,537 tu. Ile ya mwaka 2020 iliwakuta 91,502.

Sababu haijifichi. Ardhi ya jangwani ilikuwa rahisi kuliko ya Phoenix, na barabara kuu iendayo California inapita hapo hapo. Wenye familia wakakubali safari ya asubuhi na jioni ili wapate nyumba zao wenyewe.

Lakini barabara haikati kiu. Sheria ya jimbo ya mwaka 1980 iliweka msingi kwamba mjenzi athibitishe maji ya miaka 100 kabla ya kuuza viwanja. Januari 2023 jimbo lilitangaza kwamba maji yaliyo chini ya bonde la Hassayampa, ambako Buckeye inatazamia kupanuka, hayatoshi. Miradi mipya inayotegemea visima peke yake ikazuiwa. Mwaka 2025 ikatungwa sheria ya kuruhusu maji ya mashamba yageuzwe kuwa ya nyumba.

Kwa maoni yetu, tangazo lile lilikuwa chungu lakini la busara. Afadhali mnunuzi akataliwe kiwanja leo kuliko mjukuu wake kufungua bomba akakuta vumbi. Mji usijivunie wingi wa mapaa kabla ya kupima visima vyake.