Jiwe la Nyoka Halinyonyi Sumu

"Daktari, jiwe halisi la nyoka linapatikana wapi, na nitalitofautishaje na la bandia?" Kila mvua zinapoanza swali hili hurudi, kutoka kwa wakulima, wafugaji, walimu wa shule za bweni, na kinachoniumiza zaidi, kutoka kwa wahudumu wa afya. Safari hii nalijibu kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe limekosewa. Jiwe halisi la nyoka halipo. La bei ghali na la bei ya chini, la mganga na la misheni, yote ni mifupa iliyochomwa, na hakuna hata moja linaloondoa sumu mwilini mwa mtu.

Utengenezaji wake hauna siri. Mfupa wa paja la ng'ombe hukatwa vipande vidogo, hufunikwa hewa isiingie, huchomwa kwenye makaa hadi uwe mweusi tii, kisha husuguliwa ulainike. Mafuta ya mfupa yakishaungua, ndani hubaki vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Vitundu hivyo ndivyo vinavyofanya yote yanayoitwa maajabu. Jiwe likiwekwa juu ya jeraha bichi, hufyonza damu na majimaji ya juujuu, hivyo linanata. Likishajaa, au damu ikishaganda na kukauka, linaachia na kudondoka. Mwenye jiwe hutangaza kwamba limeshiba sumu. Lilichoshiba ni damu.

Kisha huchemshwa kwenye maziwa, mapovu yanapanda, na watu wanaonyeshana sumu inavyotoka. Aliye na jiwe jipya nyumbani alitumbukize kwenye glasi ya maji kabla halijagusa mtu yeyote. Litatoa mapovu yaleyale, kwa kuwa maji yanaingia kwenye vitundu na hewa iliyokuwamo inatoka. Hata ile kunata kwenye ulimi, ambayo wauzaji huitumia kuthibitisha kwamba jiwe lao si la bandia, inatokana na vitundu hivyohivyo.

Tuseme lingekuwa na uwezo wa kuvuta sumu. Lingeivuta kutoka wapi? Meno ya moma, ambaye wengine humwita kifutu, yana urefu unaozidi sentimita 1, yamepinda, na yana uwazi ndani kama sindano ya hospitali. Huingiza sumu chini ya ngozi, pengine hadi kwenye msuli, kufumba na kufumbua. Jino likichomoka, ngozi hujifunga nyuma yake. Tangu hapo sumu inasambaa kwenye nyama na kwenye mishipa ya limfu, na ile ya koboko, ambayo molekuli zake ni ndogo, huwahi kuingia kwenye damu. Jiwe limekaa juu ya ngozi. Sumu haipo tena pale.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu waliojitolea walidungwa mguuni majimaji yasiyo na madhara, yaliyotiwa alama ya mionzi ili yaweze kufuatiliwa. Dakika 3 baadaye waliwekewa pampu ya kunyonya inayouzwa madukani kwa ajili ya huduma ya kwanza, ikaachwa ivute kwa dakika 15. Iliondoa asilimia 0.04 ya kilichodungwa. Ikiwa pampu imeshindwa, kipande cha mfupa kitafanya nini? Mwaka 2007 Jean-Philippe Chippaux na wenzake walitoa jibu. Walilijaribu jiwe jeusi kwa panya waliotiwa sumu ya nyoka watatu wa Afrika, wakiwemo moma na swila mtema mate, na hawakuona faida yoyote.

Wala huu si ugunduzi wa juzi. Katika karne ya 17 mawe ya aina hii yalikuwa yakipelekwa Ulaya kutoka India, na Athanasius Kircher, padre Mjesuiti aliyekuwa Roma, alieleza kwamba mbwa aliyeumwa na nyoka alipona kwa jiwe. Francesco Redi, tabibu wa watawala wa Toscana, hakuridhika na habari ya mbwa mmoja. Aliyajaribu mawe hayo kwa wanyama, na mwaka 1671 akamwandikia Kircher waziwazi kwamba hayafai kitu. Zaidi ya miaka 350 imepita tangu barua ile, nasi bado tunaulizana bei.

Najua jibu linalokuja: "Mjomba wangu aligongwa na nyoka, akawekewa jiwe, na leo yu hai." Namwamini mjomba. Lakini nyoka wengi wanaoishi karibu nasi hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata wenye sumu kali, mara nyingine huuma bila kuitoa, au huitoa kidogo tu, kwa sababu wanaihitaji kwa mawindo, nao wamekuuma kukufukuza. Watu wa namna hiyo watapona wakiwekewa jiwe, wakipakwa matope au wakiachwa walale. Mganga huwahesabu wote kuwa ni wake. Aliyeingiwa na sumu kamili akafia njiani hahesabiwi. Familia inaambiwa ilichelewa kumleta, au kwamba nyoka yule alitumwa.

Jiwe lenyewe halimdhuru mgonjwa. Linamnyang'anya muda, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu anagongwa na moma jioni akitoka shambani. Jiwe linafungwa, wanakesha wakilingoja lidondoke, na asubuhi mguu umevimba hadi kwenye nyonga, umejaa malengelenge, ngozi imekuwa nyeusi. Antivenomu, dawa inayozima sumu ya nyoka, inapambana na sumu ambayo bado iko huru. Nyama iliyokwisha kufa hairudishi. Kwa koboko hata huo usiku wa kukesha haupo, kwani pumzi inaweza kukatika ndani ya saa chache, au mapema zaidi.

Kwa hiyo fanyeni haya, na haraka. Ondokeni alipo nyoka. Msimfukuze, maana anaweza kumuuma mtu wa pili. Mvueni mgonjwa viatu, pete, bangili na shanga kabla uvimbe haujazibana. Alale, asitembee, mguu au mkono ulioumwa ufungwe banzi kama uliovunjika, kwa sababu msuli unaotikisika unasukuma limfu na sumu iliyomo. Msikaze kamba. Kamba inakata damu na watu wamepoteza miguu kwa sababu yake. Akiwa ameshafungwa, msiifungue ghafla njiani, mwachieni mhudumu. Msichanje, msinyonye, msimwage petroli, msimpige shoti ya betri. Kwa maumivu apewe parasetamoli, si aspirini wala diklofenaki, ambazo huongeza hatari ya kuvuja damu. Kama usafiri ni bodaboda, akae katikati na mwingine amshike kwa nyuma. Kope zikianza kulegea na mate kumshinda kumeza, mlazeni ubavu. Akiacha kupumua, mpulizieni hewa mdomoni bila kukoma hadi hospitali, kwani sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumua wakati moyo bado unapiga, na wapo walioishi kwa njia hiyo. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi na msisugue.

Hospitalini kuna kipimo kisichohitaji mashine: damu kidogo kwenye kichupa safi cha kioo, iachwe dakika 20 bila kuguswa. Isipoganda, sumu imeharibu uwezo wa damu kuganda. Mtoto hupewa kipimo kilekile cha antivenomu anachopewa mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu. Dawa yenyewe lazima iwe imetengenezwa dhidi ya nyoka wa Afrika. Nchini Ghana, ilipoletwa antivenomu iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Asia, vifo viliongezeka. Na kwa kuwa inaweza kuleta mzio mkali, itolewe penye adrenalini na mtu anayejua kuitumia, isitolewe sebuleni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua kati ya watu 81,000 na 138,000 kila mwaka, na mwaka 2017 liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Lengo ni kupunguza vifo kwa nusu ifikapo 2030. Halitafikiwa kama zahanati hazina dawa, na halitafikiwa kama dawa ipo huku mgonjwa amelala nyumbani na mfupa mguuni.

Kamati za afya za vijiji na wakuu wa shule za bweni, nawaomba jambo moja kabla mvua hazijachanganya. Ulizeni sasa hivi ni kituo gani cha karibu chenye antivenomu. Kama hakipo, ulizeni kinachofuata, na mwandikieni mganga mkuu wa wilaya kudai dawa. Kisha bandikeni ukutani namba ya simu ya kituo hicho pamoja na namba ya dereva anayekubali kuamshwa usiku.