Gitaa la Nyuzi Kumi na Mbili

Udi wa Unguja twaujua: nyuzi zake hufungwa mbili mbili. Gitaa nalo laweza kufanywa hivyo, likawa na nyuzi 12 badala ya 6. Jozi mbili nyembamba hulia sawasawa. Katika zile nne nene, uzi mmoja hulia noti ile ile ya mwenziwe, ila juu zaidi. Sauti yake hujaa nyumba.

Lakini nyuzi hizo huvuta mno. Shingo dhaifu itapinda, na ubao wa uso utavimba nyuma ya kidaraja. Fundi wa Gongoni, Tabora, na achonge shingo ya mninga wa misitu ya huko, uliokauka barabara, maana ukikauka haupindi upesi. Chini ya uso agandishe taruma imara. Zikizidi unene, sauti hufa. Kisha nyuzi zote tungeziteremsha kidogo chini ya kawaida, kama wafanyavyo wapigaji wengi.