Je, Wajua? Lugha ngumu, ngumu kwa nani?

Je, wajua kwamba Kiswahili kimo kwenye orodha ya ugumu wa lugha za dunia? Foreign Service Institute, chuo cha wanadiplomasia wa Marekani, hutenga wiki 30 hivi kwa Kihispania, wiki 36 kwa Kiswahili na Kiindonesia, na wiki 88, yaani saa 2,200 za darasani, kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Vijana wengi huitazama orodha hiyo na kukata tamaa kabla ya somo la kwanza. Lakini ilipimwa kwa watu waliokua na Kiingereza. Ukiwa umelelewa kwa Kiswahili, hesabu zinageuka, na zinageuka sana.

Chukua Kiarabu. Sauti za th, dh na gh unazo tayari, ziko kwenye thelathini, dhahabu na ghali. Kitabu, wakati, habari, elimu, hesabu: mizizi ya maneno hayo na mengine mengi unaijua kabla hujafungua daftari. Ukiwa umepita madrasa, herufi 28 na kuandika kutoka kulia kwenda kushoto si mambo mageni. Kazi iko kwingine. Kuna sauti za kooni ambazo Kiswahili kiliziacha njiani, na kuna irabu fupi ambazo magazeti hayaziandiki, kwa hiyo lazima ulijue neno ndipo uweze kulisoma. Zaidi ya hayo, Kiarabu sanifu cha vitabuni na Kiarabu cha mtaani vimeachana mbali. Mtu aliyefuzu darasani anaweza kukwama kwa dereva wa teksi pale Muscat. Anayekwenda Ghuba kufanya kazi amwombe mwalimu lahaja ya huko tangu mwezi wa kwanza, asisubiri kuikutia uwanja wa ndege.

Je, wajua kwamba Kiswahili ni kati ya lugha chache za Kibantu zisizo na toni? Mhaya, Mkikuyu na Mnyarwanda wamekua wakisikia maana ikibadilika kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Toni nne za Kichina cha Mandarin haziwi muujiza masikioni mwao. Tena vitenzi vya Kichina havinyambuliki kwa nafsi wala wakati, na nomino hazina jinsia. Mzigo mzito ni maandishi. Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika, yaani kituo cha kufundishia Kichina, ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikapata yake mwaka 2013, kwa hiyo walimu si wa kutafutwa ng'ambo.

Kijapani? Kina irabu tano kama sisi, na silabi zake karibu zote huishia na irabu. Yatamke Nagasaki na Yokohama uone yanavyokaa vizuri mdomoni. Kisha zinakuja herufi: mifumo miwili ya silabi, hiragana na katakana, pamoja na kanji 2,136 zilizo kwenye orodha rasmi ya matumizi ya kawaida.

Wakorea walijiondolea balaa hilo zamani. Mfalme Sejong aliwatungia watu wake alfabeti, ikatangazwa mwaka 1446, na leo ina herufi 24 za msingi. Korea Kusini huiadhimisha kila tarehe 9 Oktoba. Herufi hizo unaweza kuzisoma ndani ya siku chache. Viwango vya heshima katika vitenzi ndivyo vitakavyokukalisha.

Kijerumani kina jinsia tatu, nasi tuliozoea ngeli hatutishiki na upatanisho wa kisarufi. Tofauti ni kwamba ngeli nyingi hujitaja zenyewe kwa kiambishi, ilhali jinsia ya nomino nyingi za Kijerumani ni ya kukariri neno kwa neno. Viwango vya A1 hadi C2 vinavyotajwa na kila shule vilichapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. A1 ni kujitambulisha na kuuliza njia. Muuguzi anayetaka vyeti vyake vitambuliwe Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2, na kati ya viwango hivyo viwili kuna miezi mingi ya kazi ngumu. Anayekuahidi B2 kwa wiki chache anakudanganya.

Je, wajua mji wa Kenya ambako Kiitaliano husikika sokoni? Ni Malindi. Wapo wauza vinyago wasiowahi kukanyaga Italia ambao hutaja bei, hupunguza, hubembeleza na kufunga biashara kwa Kiitaliano. Hawakuitazama orodha ya mtu yeyote. Walikuwa na mteja mbele yao kila siku, na mimi sijui mwalimu anayemshinda huyo.

Umri nao umezushiwa mengi. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha watu wapatao 670,000 ulionyesha kwamba wepesi wa kunasa sarufi hudumu hadi karibu miaka 17, mbali zaidi ya ilivyodhaniwa. Baada ya hapo hupungua, haufi.

Na kusahau? Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alikupima kwa kujikaririsha silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Aligundua kwamba mengi hupotea mapema kabisa, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kwa siku hushika kuliko yaliyorundikwa pamoja. Dakika 20 kila asubuhi, basi, kuliko saa tatu za Jumamosi.

Kabla hujalipa ada ya darasa lolote, uliza mambo mawili: cheti chao kinakubaliwa na ubalozi wa nchi unayoitaka? Na katika saa moja ya somo, wewe mwenyewe utazungumza dakika ngapi? Wakishindwa kukujibu, tafuta darasa jingine.