Maji ya Paa Lako na Haki ya Jirani Yako

Mvua ni rehema ya Mwenyezi Mungu, wala hapana Mwislamu atiaye shaka katika jambo hili. Shambani maji yake huzama ardhini, yakanywesha mizizi na kujaza visima. Mjini mambo ni mengine. Ardhi imefunikwa kwa bati, saruji na lami, hata maji hayana pa kuzama. Hushuka mapaani kwa mara moja, yakakimbilia mtaroni. Na mtaro ukishindwa, huingia nyumbani kwa yule aliyejenga bondeni. Basi twapenda kuzungumza na ndugu zetu, na hasa vijana, juu ya maji haya ya paa: ni nani mwenye dhima nayo?

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba hufanya lita 1. Nyumba yenye paa la mita 100 za mraba, ikinyeshewa milimita 20, hupokea lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20. Mtaa wa nyumba 50 za kadiri hiyo hupokea ndoo 5,000.

Katika miji ya Ujerumani, Uswisi na Denmark, wenzetu wamepata dawa moja, nayo ni kupanda mimea juu ya mapaa. Hatusemi makuti wala nyasi kavu za kuezekea, bali mimea hai. Juu ya paa tambarare hutandikwa kwanza turubai isiyopitisha maji wala mizizi, kisha tabaka ya kupitishia maji yaliyozidi, kisha kitambaa cha kuchujia, kisha udongo mwepesi wa sentimita 10 hivi, na juu yake mimea mifupi istahimiliyo jua. Mvua ikinyesha, udongo hunywa kama sifongo. Baadaye mimea na jua huyarudisha maji hayo hewani, na yaliyozidi hutoka polepole. Kwa mwaka mzima, paa la namna hii mara nyingi huzuia kiasi cha nusu ya mvua iliyoliangukia.

Lakini tusiisifu dawa kupita kiasi chake, kwani udongo ulioshiba haunywi tena. Mji wa Copenhagen ulianza mwaka 2010 kutaka mapaa mapya yaliyo tambarare yapandwe mimea. Tarehe 2 Julai 2011 ikanyesha huko mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa 2 hivi. Vyumba vya chini ya ardhi vikajaa na barabara zikawa mito. Mwaka 2012 mji ukatoa mpango wa mvua kubwa, ambao kwao bustani na barabara nazo zimepewa kazi ya kupokea maji. Kwa hivyo paa hutuliza mvua ya kawaida, na ile kubwa yataka mji mzima usaidiane.

Mwezi wa Desemba wa mwaka ule ule wa 2011, mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na bonde la Msimbazi likafurika. Maji yaliyowafika watu wa bondeni hayakuanguka yote juu ya mapaa yao. Mengi yalitoka juu, kwa wengine.

Dini yetu haikulinyamazia jambo hili. Mtume (S.A.W.) amesisitiza mno haki ya jirani, na amekataza watu kudhuriana. Wanavyuoni wa fikihi nao wameutolea hukumu mlizamu, yaani mfereji utokezao ukutani kumwaga maji ya paa. Wamemruhusu mtu kuutokeza upande wa njia ya watu wote, kwa sharti usiwadhuru wapitao. Basi ikiwa haki ya mpita njia imechungwa hivi, itakuwaje haki ya jirani alalaye hapo usiku na watoto wake?

Mapaa yetu mengi ni ya bati, nayo hayawezi kubeba udongo. Sentimita 10 zake zikilowa huweza kuzidi kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Hata mwenye paa la zege asipande kitu kabla ya kumwuliza mhandisi. Lakini kuyazuia maji nyumbani kwaweza kufanywa na kila mtu. Tuweke mifereji na tangi, tulifunike lisizae mbu, na tuyatumie maji yake ili mvua ijayo ilikute lina nafasi. Tuache sehemu ya uwanja bila saruji, tuipande miti. Tusiuelekeze mlizamu kwa jirani, wala tusitupe taka mtaroni. Misikiti na madrasa zetu zina mapaa makubwa, na maji ya mvua ni tohara, yafaa kutawadhia. Basi na zitangulie kuonyesha mfano.

Mvua ijayo ikianza, kila baba na kila kijana atoke barazani atazame: maji ya paa letu yaenda kwa nani? Akiona yamwendea jirani, ajue kazi yake i wapi. Mwenyezi Mungu atujaalie mvua zetu ziwe za manufaa, wala zisiwe za madhara. Amin.